Imetunzwa na Nani? Neno kwa Mnunuzi wa Pikapu Kuukuu

Mwanafunzi mpenzi, katika somo la vitenzi tumeipitia kauli ya kutendwa. Tunasema: barua imeandikwa, shamba limelimwa, maji yametekwa. Kauli hii humpa msemaji nafasi ya kumtaja mtendwa na kumwacha mtenda nyuma ya pazia. "Shamba limelimwa" ni sentensi kamili. Si lazima useme limelimwa na nani. Sarufi haina ugomvi na jambo hilo.

Lakini nenda siku moja kwenye yadi za magari yaliyotumika, iwe pale Nakawa jijini Kampala au katika mji wowote wa wilaya, ukae kando usikilize. Utaisikia kauli ya kutendwa ikifanya kazi ambayo hatukuisoma darasani. "Injini imetunzwa vizuri." "Imefanyiwa sevisi juzi." "Ilifunguliwa mara moja tu, ikarudishwa kama mpya." Imetunzwa na nani? Imefanyiwa sevisi wapi, na kwa oili gani? Ilifunguliwa kwa sababu ipi? Mtenda hayupo, na mnunuzi, ama kwa haya ama kwa haraka, hamtafuti.

Hoja yangu ni hii: anayenunua pikapu kuukuu asinunue kitenzi kisicho na mtenda. Asitegemee rangi, wala jina la kampuni, wala tarakimu za odomita, mpaka apate ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni ushahidi wa injini yenyewe ikiwashwa ikiwa baridi. Wa pili ni ushahidi wa mtu au karatasi inayosema nani alifanya nini, na lini. Tena nasema kwamba kudai ushahidi huo si utovu wa adabu. Wazee walikwisha kutuambia kuwa kuuliza si ujinga.

Huenda ukasema: mwalimu, mimi ni mwanafunzi, pikapu inanihusu nini? Inakuhusu kwa sababu katika jamaa zetu wewe uliyesoma ndiwe unayeitwa siku ya makaratasi. Mjomba amekusanya akiba ya miaka saba. Chama cha akiba cha kijiji kimeamua kununua gari la kupeleka ndizi na maziwa sokoni. Shangazi ameuza ng'ombe. Wote wanajua kulima na kufuga kuliko mimi na wewe, lakini ikifika saa ya kutia sahihi watakugeukia wewe na kusema, "Hebu soma, mwanetu, utuambie." Pikapu hiyo itabeba viazi Jumatatu, waombolezaji Jumatano, na usiku wa manane itambeba mama mjamzito mwenye uchungu. Injini ikifa katikati ya mlima, hasara haiishii kwenye shilingi.

Jina la kampuni si cheti cha afya

Udhaifu wetu wa kwanza ni kuliabudu jina. Husemwa kila mahali kwamba Toyota haifi. Ni kweli kwamba Hilux imejipatia sifa zake kwa kazi, wala sina nia ya kuzivunja. Ila jina Hilux limepachikwa juu ya injini nyingi zenye tabia mbalimbali. Zile za zamani za dizeli, 2L, 3L na 5L, zilikuwa na pampu ya dizeli inayoendeshwa kimakanika, bila kompyuta ya kuitawala, na fundi wa mji mdogo aliweza kuzitibu kwa spana na akili. Toleo la Hilux lililoanza mwaka 2004 likaja na injini za 1KD na 2KD, ambazo dizeli yake husukumwa kwa mgandamizo mkubwa sana na kupulizwa na nozeli zinazoamriwa na kompyuta. Ni injini zenye nguvu na zisizobugia mafuta. Lakini mafundi wanazijua kwa jambo moja hasa: sili zilizo chini ya nozeli zikichakaa, gesi za moto hupenya na kuipika oili mpaka iwe masizi mazito. Masizi hayo hushuka chini na kuziba chujio ambalo pampu ya oili hunyonyea. Hapo injini hukosa oili huku imejaa oili, na beringi za krenki husagika.

Sasa tazama tofauti ya maswali. Mnunuzi anayeabudu jina huuliza, "Je, ni Toyota halisi?" Mnunuzi anayejua anachonunua huuliza, "Nozeli na sili zake zilibadilishwa lini, na nani, na risiti iko wapi?" Swali la kwanza limejibiwa tayari na herufi zilizo mbele ya gari. La pili ndilo linalotenganisha injini nzima na injini inayosubiri kufa.

Ndivyo ilivyo kwa kampuni nyingine. Injini ya 4D56 iliyowekwa katika pikapu nyingi za Mitsubishi L200 ina mikanda miwili mbele: mmoja huendesha vali, wa pili huendesha mihimili ya kutuliza mtetemo. Ule mdogo ukikatika unaweza kujivuta ndani ya mkanda mkubwa, na mkanda mkubwa ukivurugika vali hugongana na pistoni. Kwa hiyo anayekuambia "mkanda umebadilishwa" amekupa nusu ya jibu. Mkanda upi? Na ulibadilishwa gari likiwa limetembea kilomita ngapi?

Kuna na maneno mengine yanayouza sana: "Imetoka Japani moja kwa moja." Kauli hiyo huwa kweli kwa magari mengi madogo tuyaonayo barabarani, kwa kuwa Japani ina ukaguzi wa lazima uitwao shaken, ambao kwa magari binafsi huanza baada ya miaka 3 na kurudiwa kila miaka 2. Lakini Toyota iliacha kuuza pikapu ya Hilux katika soko la Japani mwaka 2004, ikairejesha mwaka 2017. Basi ukiambiwa kwamba Hilux ya mwaka 2010 ilikuwa ya mzee mmoja wa Tokyo aliyekuwa akiendea dukani, tabasamu kwa adabu, kisha uombe nyaraka. Pikapu ya miaka hiyo yaelekea ilifanya kazi Thailand, Uingereza, Afrika Kusini au Australia, au hapa hapa kwetu katika miradi na maofisi. Si aibu kwa gari kufanya kazi. Aibu ni kulitungia wasifu usio wake.

Tarakimu za odomita

Udhaifu wa pili ni kuzisujudia tarakimu. Odomita ni chombo cha kuhesabu, na chombo cha kuhesabu huweza kurudishwa nyuma, kiwe cha magurudumu ya namba au cha kidijitali. Lakini hata ikiwa haijaguswa, hesabu ya darasani itakusaidia. Pikapu ina miaka 12 na odomita inasema kilomita 84,000. Gawanya: ni kilomita 7,000 kwa mwaka, takriban kilomita 19 kwa siku. Kisha muuzaji anasema ilikuwa ikileta ndizi Kampala kutoka Mbarara kila wiki. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni takriban kilomita 270, kwenda na kurudi 540. Kwa majuma 50 ya mwaka utapata kilomita 27,000, na kwa miaka 12 utapata 324,000. Hadithi na odomita haziwezi kuwa kweli zote mbili. Huhitaji kuwa fundi ili kuona hilo, unahitaji kalamu.

Tazama pia vitu ambavyo mrudisha odomita husahau: mpira wa pedali ya klachi uliolika hadi chuma, usukani uliong'aa kama meza ya baraza, kiti cha dereva kilichozama upande mmoja. Kumbuka vilevile kwamba kilomita hazihesabu saa. Gari lililosimama likiunguruma kwa saa tatu kila siku, kiyoyozi kikimpuliza mkubwa fulani, injini yake imefanya kazi ambayo odomita haikuiandika.

Kwa maoni yangu, hata tarakimu ya kweli haistahili uzito tunaoipa. Dizeli iliyotembea kilomita 300,000 ikibadilishwa oili kwa wakati, na isiwahi kuchemsha, ni bora kuliko iliyotembea 120,000 ikachemshwa mara mbili na dereva aliyetia maji ya mtoni. Tarakimu hukuambia gari lilitembea kiasi gani. Haikuambii lilitembezwa na nani.

Sheria nayo haitakumalizia kazi hii. Tangu marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Usalama Barabarani, Uganda hairuhusu kuingizwa nchini gari la kawaida lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Kenya imeweka kikomo cha miaka 8. Ni hatua zenye nia njema, lakini sheria hiyo hupima umri. Ndani ya umri ule ule wa miaka 10 kuna injini changa na injini kongwe.

Isikilize ikiwa baridi

Tuje kwenye ushahidi wa kwanza. Nenda asubuhi, na umwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, mtu amekwisha kuiamsha injini, na injini iliyoamshwa haisemi kile ambacho injini iliyolala ingesema. Usigombe. Sema tu kwamba utarudi kesho.

Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Angalia, nimesema ikiwa baridi: maji ya rejeta yenye moto yanaweza kukuunguza uso ukabaki na kovu la maisha. Maji mazuri huwa na rangi ya dawa ya kupozea, ya kijani, nyekundu au waridi kulingana na aina yake. Maji ya kahawia yenye kutu yanakuambia kwamba kwa muda mrefu watu walitia maji matupu. Utando wa mafuta juu ya maji unakuambia jambo baya zaidi: huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe ina ufa, na oili imeanza kukutana na maji.

Kisha vuta kijiti cha kupimia oili. Hapa wengi hukosea. Wakiona oili nyeusi hupiga kelele, ilhali oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kubeba masizi. Weusi pekee si ugonjwa. Ugonjwa ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maana hiyo ina maji ndani yake. Na oili safi mno, inayong'aa kana kwamba imemiminwa leo asubuhi, haithibitishi utunzaji. Yathibitisha tu kwamba gari liliandaliwa kwa ajili yako. Wapo wanaotia oili nzito kupita kiasi ili kuficha mgongo wa beringi zilizochoka.

Sasa iwashwe, nawe usimame nyuma kwenye bomba la moshi. Dizeli nzima, katika hali yetu ya hewa, haipaswi kuhangaika na stata. Moshi mweupe kidogo unaotoweka baada ya dakika moja au mbili ni wa kusamehewa. Moshi mweupe usiokoma waweza kuwa dizeli isiyoungua, au maji yanayoingia ndani ya silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ringi za pistoni, sili za vali au tabo vimelegea, na mafundi husema injini "inakula oili". Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi hewa: pengine chujio la hewa limeziba tu, pengine nozeli zimeharibika. Gharama ya haya mawili ni mbingu na ardhi, kwa hiyo usimruhusu mtu akuambie "ni kawaida ya dizeli" bila kukuonyesha sababu.

Injini ikiwa inaunguruma polepole, fungua mfuniko wa kujazia oili na uutazame. Upepo hafifu utokao ni wa kawaida. Lakini mfuniko ukirushwarushwa na moshi ukitoka kwa mapigo kama pumzi za mkimbiaji, basi mgandamizo unavuja kupita kando ya pistoni kwenda chini. Injini hiyo imechakaa moyoni, na rangi mpya ya mlango haitaitibu.

Mwisho, panda nayo mlima, ikiwezekana na mzigo. Gari linalokwenda vizuri kuzunguka yadi halijasema lolote. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale takriban mita 2,000. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua, na injini isiyo na tabo huhisi upungufu huo. Lipeleke kwenye mwinuko mrefu, ukitazama mshale wa joto. Ukipanda ukapita katikati na kuendelea, mtihani umekwisha. Dizeli iliyozoea kuchemsha imekwisha kupindisha au kupasua hedi, au iko njiani kufanya hivyo.

Fundi huyu ni wa nani?

Utasema, mwalimu, haya yote ni ya fundi. Naam, mchukue fundi. Lakini uulize swali letu lile lile: ameletwa na nani? Fundi aliyeletwa na dalali, atakayegawiwa chochote mauzo yakifanikiwa, ana sababu ya kuyatakia mauzo heri. Hata akiwa mtu mwaminifu, umemweka katika jaribu. Mtafute wako, anayezijua injini za aina hiyo hasa, mlipe ujira wake mapema, na umwambie waziwazi kwamba atalipwa kiasi kile kile hata akisema gari halifai. Maneno hayo machache humpa uhuru wa kusema kweli.

Fundi huyo apime mgandamizo wa kila silinda. Jambo la kutazama si tarakimu kubwa tu, bali ulinganifu: silinda nne zikikaribiana ni dalili njema, na moja ikianguka mbali na wenzake ndipo penye ugonjwa. Kwa injini zenye kompyuta, achomeke mashine ya kusoma hitilafu na kuangalia hali ya kila nozeli. Asiridhike akiona hakuna hitilafu iliyoandikwa, kwani kumbukumbu huweza kufutwa dakika tano kabla hamjafika; aendeshe gari kwanza, kisha asome tena. Mwisho alinganishe namba ya injini na namba ya chasisi na zile zilizo kwenye logibuku. Namba zikitofautiana, umeacha kuzungumzia uimara wa injini na umeanza kuzungumzia polisi.

Najua watu hulalamikia ujira wa fundi. Mtu yuko tayari kutoa mamilioni kwa ajili ya gari, lakini hutetemeka kumlipa fundi wa asubuhi moja. Yeye huona amebana matumizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni injini nzima ya kununuliwa upya.

Andika kitenzi pamoja na mtenda wake

Ushahidi wa pili ni maandishi, na hapa ndipo wewe mwanafunzi una nafasi yako hasa. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba ambao thamani yake inazidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo kiwango hicho ni shilingi 500,000. Hakuna pikapu inayotembea ambayo bei yake iko chini ya hapo. Basi karatasi itaandikwa, na ikiandikwa, iandikwe na maneno ya muuzaji, si bei na tarehe pekee.

Tazama tofauti hii. Mikataba yetu mingi husema: "Gari limekaguliwa na limekubaliwa lilivyo." Limekaguliwa na nani? Sentensi hiyo imeondoa mtenda na kumwachia mnunuzi mzigo wote. Badala yake andika: "Muuzaji anathibitisha kwamba alibadilisha mkanda wa injini mwezi fulani, gari likiwa na kilomita kadhaa, katika gereji fulani, kwamba kwa kadiri ajuavyo hakuna fundi aliyewahi kuifungua silinda hedi, na kwamba yeye hakuibadilisha odomita katika muda aliolimiliki gari." Hizo ni sentensi za kauli ya kutenda kwa maana zote mbili: zina mtenda, na zina mtu wa kuwajibika. Mnunuzi aliyevutwa kwa maneno ya uongo ana haki ya kudai, lakini haki hiyo hutaka ithibitishwe, na neno lililosemwa yadini bila shahidi huondoka na upepo.

Utaona jambo la ajabu ukileta karatasi hiyo. Baadhi ya wauzaji wataanza kukumbuka. "Aa, kweli, hedi ilifunguliwa kidogo mwaka juzi." Kalamu ina uwezo wa kuamsha kumbukumbu kuliko viapo.

Hapa yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza: katika nchi zetu nani ana kumbukumbu za sevisi? Ukizidai, hutanunua gari milele. Jibu langu ni kwamba sikudai kitabu chenye mihuri ya kampuni. Risiti ya duka la vipuri kule Kisekka ni kumbukumbu. Kibandiko cha tarehe ya oili ni kumbukumbu. Fundi wa Ndeeba anayepokea simu na kusema, "Naam, gari hilo nalijua, nilibadilisha pampu ya maji," ni kumbukumbu yenye sauti. Na ikiwa hakuna hata moja, hujakatazwa kununua. Unapaswa tu kulipa bei ya gari lisilo na historia, na kubakiza akiba ya kulitengeneza. Kosa ni kulipa bei ya gari lililotunzwa kwa gari ambalo hakuna anayejua lilitunzwa vipi.

Pingamizi la pili ni la adabu. Muuzaji ni mzee, ni jirani, pengine ni rafiki wa baba. Utamwulizaje kana kwamba ni mwizi? Nami najibu: mwulize kwa heshima zote. Mpigie magoti kama ndiyo desturi ya kwenu, umwite mzee, lakini swali liulizwe. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tena kumwuliza mtu ni kumpa nafasi ya kujisafisha. Wauzaji waaminifu wapo, na soko letu huwaonea: aliyelitunza gari kwa miaka 10 analipwa sawa na aliyelipaka rangi jana, kwa sababu wanunuzi hawaulizi tofauti iko wapi. Na muuzaji akisema, "Kwa kweli sijui, nami nalinunua kwa mwingine," mshukuru. "Sijui" ya kweli ina thamani kuliko "imetunzwa" isiyo na mwenyewe.

Nimeuleta mjadala huu kwako kwa sababu nyingine pia. Mazoea ya lugha huhama kutoka mahali pamoja hadi pengine. Anayekubali "injini imetunzwa" bila kuuliza, kesho atakubali "barabara imetengenezwa", "dawa zimepelekwa zahanati", "fedha zimetumika". Sentensi zote hizo ni sahihi kisarufi, na zote zinamficha mtu. Mwananchi aliyezoea kuuliza "na nani, lini, kwa kiasi gani?" mbele ya boneti iliyofunguliwa hataona taabu kuliuliza swali hilo mbele ya bango la mradi wa kijiji chake.

Basi ukiitwa na mjomba kusoma makaratasi, nenda na kalamu, na fundi wako, na subira ya kurudi kesho. Na gari likishanunuliwa, usiishie hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la kurasa 96, litie ndani ya dashibodi, na kila oili inapobadilishwa andika tarehe, kilomita, aina ya oili na jina la fundi. Siku moja ninyi ndio mtakaokuwa wauzaji, na kijana wa watu atasimama mbele yenu akiuliza imetunzwa na nani. Mpeni daftari asome.